Kusafisha Picha

Gérard hakuwahi kufundisha watu wawili kwa pamoja. Alisema wanafunzi wakiwa wawili, mmoja akikosea mwenzake anacheka, na anayechekwa haoni uchungu sana kwa kuwa anajua zamu yake ya kucheka itafika. Lakini mwanafunzi akiwa peke yake na mwalimu wake, kosa lote ni lake, hana wa kugawana naye. Masomo hayo aliyaita cours particulier, na kila alipoyataja alikunja midomo kama mtu anayeonja mchuzi wa nyumba ya watu.

Studio yake ya picha ilikuwa mjini Bunia, mtaa wa Mbunya, kando ya barabara ya vumbi, kati ya duka la vitenge na kibanda cha kuchaji simu. Kuta zilijaa maharusi. Wote walisimama wima, wote walitazama upande mmoja, na kompyuta ilikuwa imewang'arisha mashavu hadi hakuna aliyebaki na kovu wala kipele. Watu walizipenda picha hizo. Bibi harusi ambaye hakupigwa picha na Gérard, majirani walisema ameolewa haraka haraka.

Abigaël alifika hapo asubuhi moja ya manyunyu, kamera ya marehemu kaka yake ameifunga kwenye kitenge na kuishika kifuani kama mtoto mchanga. Kaka huyo, Osée, ndiye aliyekuwa mpiga picha wa soko la Bule, kijijini kwao. Siku watu walipokimbia risasi alimwekea dada yake kamera mikononi, akamwambia, "Tangulieni, niko nakuja." Hakuja. Mama yao alifika Bunia miguu imevimba, akapokelewa na dada yake mkubwa, mama Geneviève, na homa ikammaliza kwenye kitanda cha kuazima. Wakabaki Abigaël na Plamedie, binti mdogo wa Osée, ambaye mama yake mzazi aliondoka kwenda Uganda zamani na hakuna aliyejua yuko wapi.

Nyumba ya Bule iliungua na kila kilichokuwa ukutani. Katika dunia nzima ilibaki picha moja tu ya marehemu mama yao Osée na Abigaël, nayo ilikuwa ndani ya kamera. Osée aliipiga mlangoni pa nyumba, jua la asubuhi linaingia kwa ubavuni. Mama ameketi kwenye kigoda, amempakata Plamedie. Mtoto amechukua kiatu cha bibi yake na kukivaa mkononi kama glavu, anamwonyesha. Na mama anacheka kile kicheko chake cha kuficha mdomo kwa kiganja, kwa sababu jino la mbele lilitoka zamani na alikuwa na haya nalo. Macho, ah, macho yale yalikuwa yanacheka kuliko mdomo.

Kila jioni kabla ya kulala Plamedie aliomba kamera. "Tantine, nionyeshe koko." Abigaël anawasha, mtoto anatazama kioo kile kidogo, anavaa kiatu mkononi, anacheka pamoja na bibi yake, halafu analala. Alikuwa mdogo sana bibi yake alipokufa. Bila picha ile, kufikia siku ya kuanza shule uso wa koko ungekuwa umemtoka kabisa, na Abigaël alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

Sasa mwaka ulikuwa unakaribia kutimia, na familia ilikuwa inajiandaa kuondoa matanga. Kwa desturi ya mji, picha kubwa ya marehemu huwekwa mbele ya watu, ndani ya fremu, na maua pembeni. Mama Geneviève alikuwa ameshawatangazia watu wa kanisa kwamba picha ipo. Yeye mwenyewe macho yalikuwa yameanza kufunga ukungu, na kwenye kioo cha kamera hakuona kitu ila rangi ya kilemba. Alitaka picha kubwa, ya kushika kwa mikono miwili. Ndiye aliyemwandikisha Abigaël kwa Gérard.

"Hii kamera haiwezi kuozea mu nyumba," alisema. "Enda ujifunze kazi ya ndugu yako. Na foto ya mama yako utaisafisha weye mwenyewe, mutoto yangu. Itakuwa heshima."

Kusafisha. Neno hilo Abigaël alilirithi. Osée, kadi ya kamera ilipojaa, alikuwa anapanda pikipiki kwenda Bunia akisema anakwenda kusafisha picha. Lilikuwa neno la wazee, la siku za filamu, picha zilipokuwa zinaoshwa kwenye dawa gizani; filamu zikafa, neno likabaki. Osée alirudi siku ya pili na bahasha ya picha za karatasi, na kadi imerudi tupu, tayari kwa soko lingine. Kwa hiyo Abigaël alijua hivyo: kadi inakwenda imejaa, inarudi tupu, na picha zinarudi mkononi. Hakuna aliyewahi kumweleza zaidi, wala hakuwahi kuwa na sababu ya kuuliza.

Siku ya kwanza, akiwa bado amesimama mlangoni, alisema, "Mwalimu, mbele ya yote niko naomba unisaidie kusafisha foto moja. Ni ya mama. Tunaitaka kubwa, ya matanga."

Gérard aliinua kichwa polepole. Kulikuwa na wateja wawili kwenye benchi, na yeye alipenda sana kuwa na watu wa kumsikiliza.

"Kusafisha?" akasema. "Kusafisha ni nini? Hapa ni mutoni? Umeleta sabuni?"

Wateja wakacheka. Abigaël naye akajaribu kucheka, uso ukamgomea.

"Foto ni sani ya kulia sombe, isafishwe? Hii ni numérique, mama, haina filamu. Weye unatoka wapi?"

"Bule, mwalimu."

"Ah. Bule," akasema, na tangu siku hiyo hakumwita kwa jina lingine.

Kisha akanyoosha mkono, akapewa kamera, akaiwasha, akaitafuta picha. Akaipata. Aliivuta karibu, akaisogeza mbali, akaivuta tena. Akatazama lile jua la ubavuni, ile mikunjo ya macho, kile kiatu mkononi mwa mtoto. Akainua macho akawatazama maharusi wake ukutani, wote wamekauka kama nguo zilizopigwa pasi, kisha akarudi kwenye kioo.

"Nani alipiga hii?"

"Kaka yangu."

"Alisomea wapi?"

"Hakusomeaka, mwalimu. Alijua tu."

Laiti angeuma ulimi. Gérard alikuwa amesoma Kampala, vyeti vyake vilikuwa vimetundikwa juu ya mlango, na katika miaka yake yote hakuwahi kumpiga picha mtu akacheka namna ile. Uso wake ulibadilika. Abigaël aliuona unabadilika, ila aliusoma vibaya, akadhani ni heshima ya fundi kwa kazi ya fundi mwenzake. Moyoni akafurahi kwa ajili ya Osée.

"Ni foto ya kijiji," Gérard akasema, akimrudishia kamera. "Giza mingi. Hatutaigusa mpaka ujue kazi."

Basi masomo yakaanza. Alimweka mbele ya ukuta mweupe, akamwambia apige ukuta hadi utoke mweupe kwenye kioo, na kila ulipotoka wa kijivu alimwita mteja aliyekuwa karibu aje kuona. "Angalia, baba. Kwa bantu ya Bule, hii ni nyeupe." Alimtuma kupiga glasi ya maji bila kivuli chake mwenyewe kuonekana. Alimfunza mwanga, alimfunza umbali, alimfunza kuzuia pumzi kabla ya kufinya, na kila somo lilikuja na kofi la maneno. Kuna walimu wanaokupa elimu na kukudharau. Yeye alikupa dharau, elimu ikaja kama nyongeza.

Lakini Abigaël alijifunza. Siku moja alileta picha ya muuza makayabo wa sokoni, yule mama mnene, ameshika samaki mkavu usawa wa sikio kama anapiga simu, anaangua kicheko. Jua lilikuwa linamwingia kwa ubavuni. Gérard aliitazama picha hiyo, taya zikamkaza.

"Nani alikutuma upige bantu banacheka?"

Akafinya kitufe chenye alama ya pipa la takataka, picha ikapotea. Hivyo ndivyo Abigaël alivyojua kufuta: pipa la takataka. Alikariri. Tangu siku hiyo kidole chake kilikaa mbali na pipa lile kama linavyokwepwa jiko la moto.

Na hapa ndipo ninapomchukia Gérard, maana angekuwa mkali tu, tungesema ni ukali wa walimu. Siku za matanga zilipokaribia, alimpokea Abigaël mlangoni na tabasamu, na akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini, "Leo tunasafisha."

Moyo ulimruka. Alikuwa amelitumia neno lake! Abigaël alilipokea kama mkono wa upatanisho. Siku hiyo alikuwa amevaa kilemba cha mama, cha manjano na buluu, kama aliyejua.

Gérard akafungua orodha ya maagizo kwenye kioo cha kamera. Kamera ile ilikuwa imetoka Uganda kupitia mpaka wa Mahagi, na maandishi yake yote yalikuwa ya Kiingereza. Abigaël alisoma shule ya Kifaransa.

"Unasoma hapo?"

"Hapana, mwalimu. Ni Kingereza."

"Basi hapana soma. Finya."

"Hapa?"

"Si ni weye ulitaka kusafisha? Finya na kidole yako. Sitaki kesho useme ni Gérard."

Alitafuta kwa macho pipa la takataka. Halikuwapo. Akafinya. Kioo kikauliza kitu kwa Kiingereza, Abigaël akafinya tena. Kioo kikawa cheusi, kisha yakatokea maneno machache, na hakuna picha.

Kadi imekuwa tupu. Kama ilivyorudi siku zote mikononi mwa Osée. Pembeni, ile mashine kubwa ya kuchapa ilikuwa inanguruma na kazi ya mteja mwingine, na Abigaël akaitazama kwa shukrani, akiamini kwamba huko ndani mama yake yuko njiani kutoka.

"Sasa toka," Gérard akasema. "Piga soko, piga barabara, piga hata mbuzi. Usirudi mpaka carte ijae."

Akatoka. Alipiga picha siku ile kuliko siku zote za maisha yake. Alipiga pikipiki zimebeba magodoro, alipiga watoto wa shule wanaruka matope, alipiga wanawake wa kambini wanasuka mikeka mbele ya mabâche yao, yale maturubai ya wakimbizi. Alipiga kwa furaha, na kila alipofinya, asijue, alikuwa anatupa koleo la udongo. Alirudi alasiri na matope hadi magotini.

"Imejaa, mwalimu! Foto ya mama imetoka?"

"Foto gani?"

"Ile ulisafisha asubuhi."

"Miye?" Gérard alikuwa anakula karanga. "Ni miye nilifinya?"

Abigaël bado alikuwa anatabasamu. Tabasamu lilichelewa kuondoka, likabaki usoni halina kazi.

"Kusafisha ni kuondoa uchafu," Gérard akasema. "Tumesafisha. Uchafu umeondoka. Siye bantu ya kazi tunasemaka formater. Kama ungesema imprimer, saa hii ungekuwa na foto yako mu mukono. Ni somo. Mupiga foto mwenye hana copie hana foto. Hautasahau tena maisha yako yote."

"Irudishe, mwalimu."

"Asubuhi ingewezekana. Carte ikiwa formatée, mafoto inabaki chini, kama mutu mwenye amelala mu blanketi. Iko programme ya kuziamusha. Mwaka jana niliamusha harusi muzima ya binti Chancelle, wa hapa nyuma. Lakini weye umepigia juu yake muchana muzima." Akarusha karanga mdomoni. "Umemuzika."

"Ni weye ulinituma!"

"Ni kidole yako."

Abigaël aliketi chini, pale pale kwenye sakafu, matope na yote. Hakulia. Alikitazama kidole chake cha shahada kana kwamba ni cha mtu mwingine aliyeingia kwa hila mkononi mwake. Gérard akamwambia anachafua nyumba, na kwamba kuna wateja wanakuja.

Alijaribu kwingine, kwa mafundi wa simu na wa kompyuta, na wote walimpa jibu lile lile, wengine kwa huruma. Nyumbani alishindwa kusema. Mama Geneviève alikuwa anashona mapazia mapya kwa ajili ya wageni, na alipouliza picha inaendaje, Abigaël akasema mwalimu bado anaishughulikia. Jioni Plamedie akaja na kiatu mkononi tayari.

"Tantine, nionyeshe koko."

"Batri imekufa."

Kesho yake, batri imekufa. Kesho kutwa, batri imekufa. Mwishowe mtoto akaacha kuomba, na huko kuacha kuomba kulimwumiza Abigaël kuliko maombi yenyewe.

Gérard ndiye aliyemwita. Alimtumia ujumbe kwamba somo la mwisho bado, na kwamba ana dawa. Mtashangaa kwa nini alikwenda. Alikwenda kwa sababu watu wa kanisa walikuwa wameshaalikwa, kwa sababu aliona haya kwa mama mkubwa, na kwa sababu mtu aliyekusukuma shimoni ndiye pekee anayejua shimo liko wapi.

"Unafanana na mama yako?" Gérard akamwuliza.

"Bantu wanasemaka ivyo."

"Lete nguo yake."

Alimketisha kwenye kigoda, kilemba cha manjano na buluu kichwani, blauzi ya mama imemlegea mabegani. Akampaka unga kidogo kwenye nywele za paji la uso. Akasogeza taa. Abigaël akajaribu kuinua kiganja kufunika mdomo, kama mama, akaanza kutafuta kile kicheko usoni mwake.

"Weka mukono chini," Gérard akasema. "Na hapana kucheka. Mufu hachekaka."

Akampiga picha. Kisha akamketisha mbele ya kompyuta, akaufungua uso wake mkubwa kwenye kioo, na hakuyafanya mwenyewe yale yaliyobaki. Hapana, ingekuwa huruma. Alimwekea kipanya mkononi.

"Muzeeshe. Ni cours."

Na Abigaël akamzeesha. Akaweka mkunjo chini ya jicho. Akaweka mwingine pembeni mwa mdomo, halafu akasita: ulikuwa wa kulia au wa kushoto? Alifumba macho amtafute mama yake, na aliyekuja ni yeye mwenyewe, mwenye unga kichwani. Akaukisia wa kushoto. Lile kovu dogo la nyusi, lilikata nyusi ipi? Akakisia tena. Kila alipochagua, uso wa kweli ulisogea nyuma hatua moja, na huu wa uongo ukakaa mahali pake kwa raha kama mgeni aliyeambiwa jisikie uko nyumbani. Gérard alisimama nyuma yake akipiga mluzi wa wimbo wa kanisa. Kazi ilipokwisha alisema ni nzuri. Ni mara ya pekee aliyomsifu.

Siku ya kuondoa matanga jua lilitoka vizuri. Uani kwa mama Geneviève lilitandazwa turubai, viti vya plastiki vikapangwa, wanawake wakapika mchicha wa lengalenga na samaki, kwaya ikaja na sare zake. Mbele ya watu, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, ikasimama picha kubwa ndani ya fremu ya dhahabu. Mwanamke mzee mwenye kilemba cha manjano na buluu, mdomo umefungwa, macho hayasemi kitu.

Watu wakaipokea. Wengi wao walimjua marehemu katika zile wiki za mwisho tu, akiwa ameishiwa na uso wake. Waliotoka Bule wakatikisa vichwa, wakasema ndiye, maana walikuja kumlilia na walihitaji wa kumlilia. Mama Geneviève aliongozwa kwa mkono hadi mezani. Akaishika fremu kwa mikono miwili kama alivyoota, akalaza paji la uso kwenye kioo, akaanza kuzungumza na mdogo wake kwa Kilendu cha utotoni, polepole, akimwomba msamaha kwa mambo ambayo hakuna mwingine aliyeyajua. Watu wazima walilia. Abigaël alikuwa amesimama pembeni na kamera shingoni, kwa kuwa mama mkubwa alitaka yeye ndiye apige picha za siku hiyo, na aliona watu wanaulilia uso wake akiwa hai.

Gérard alikuwa amealikwa, tena mstari wa mbele, suti ya kijivu na viatu vya ncha. Mzee mmoja wa kanisa, muzee Gustave, akaikaribia picha, akaikagua, akageuka.

"Kazi muzuri sana hii. Nani alisafisha hii foto?"

Gérard akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ni miye, muzee. Nilisafisha miye mwenyewe, kwa studio yangu. Tangu wakati wa baba yangu, kwetu tunasafishaka foto muzuri."

Hakukunja midomo. Hakuuliza sabuni iko wapi. Neno lilimtoka laini, kama neno linalotoka kinywani tangu utotoni, na pale Abigaël akaelewa kwamba siku ile ya kwanza, mlangoni, huyu mtu alimwelewa vizuri kabisa. Alijua anachoombwa. Alilijua neno kwa maana zake zote mbili, akachagua ile ya kuua, akakaa nayo mfukoni wiki baada ya wiki, akingoja.

Damu ilimpanda Abigaël. Alivuka uwanja, akasimama mbele yake, mdomo umefunguka.

Gérard akainama kidogo, kama anayetaka kumnong'oneza pole. "Sema," akamwambia. "Waambie. Waambie foto ni ya nani. Anza na mama mukubwa yako pale."

Abigaël akageuka. Mama Geneviève alikuwa bado ameegemea kioo, machozi yamekiloanisha, na usoni mwake kulikuwa na utulivu ambao Abigaël hakuuona tangu mazishi. Ili kumwangusha Gérard, ingembidi amnyang'anye mwanamke yule mdogo wake kwa mara ya pili, mbele ya watu wote. Gérard alijua. Aliketi tena, akaweka mguu juu ya mguu, akaomba soda.

Hapo ndipo Abigaël alipohisi anavutwa nguo. Plamedie, na gauni lake jipya na viatu vyake vipya.

"Tantine," mtoto akasema, kwa ile sauti ya watoto isiyojua kunong'ona, "ile foto ni weye."

Wanawake wa karibu wakageuka. "Nyamaza, mutoto. Ni koko yako."

"Hapana. Ni tantine. Miye niko wapi? Kwa foto ya koko, miye nilikuwa mu magoti."

Watu wakaanza kutazamana. Mama Geneviève akainua paji la uso kutoka kwenye kioo, akageuzia kichwa upande wa sauti. "Mutoto anasema nini?"

Katika uwanja ule wote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa bado anaukumbuka uso wa marehemu, naye hakufika kiunoni mwa Abigaël. Abigaël akachuchumaa. Akamshika mtoto mabega yote mawili. Alifikiri atasema kweli, aliitaka sana, aliihisi ulimini.

"Angalia muzuri," akasema. "Ni koko."

"Siyo koko."

"Ni koko. Umesahau. Ulikuwa mudogo, umesahau. Koko alikuwa ivi."

Plamedie alimtazama shangazi yake, ambaye hakuwahi kumdanganya ila kwa habari ya batri. Kisha akaitazama picha muda mrefu, na ungeweza kuona kitu kinapigana ndani ya kichwa kile kidogo, halafu kinachoka, halafu kinaachia.

"Eee," akasema. "Ni koko."

Watu wakapumua. Mama Geneviève akarudisha paji lake la uso kwenye kioo, na kwaya ikaanza.

Plamedie akasogea hadi mezani. Akainama, akavua kiatu kimoja kipya, akakivaa mkononi, akakiinua juu mbele ya picha na kukitikisa. Akasubiri. Akakitikisa tena, safari hii kwa nguvu. Kisha akamgeukia Abigaël.

"Koko hachekaka tena?"

"Hapana," Abigaël akasema. "Hachekaka tena."

Mtoto akakaa chini akavaa kiatu chake mguuni, akakifunga mwenyewe, na akaenda kutafuta mahali chakula kinapogawiwa.